Wageni Hawaruhusiwi Vyumbani

Ukitaka kupotea mjini, usiulize njia kwa mgeni mwenzako. Mgeni atakwambia hajui, mtaagana, mambo yamekwisha. Muulize mwenyeji. Mwenyeji hajasema "sijui" tangu azaliwe.

Bwana Pamba alimuuliza shemeji yake.

Jina la kupewa na wazazi alikuwa nalo, ila lilizikwa siku nyingi chini ya magodoro. Alikuwa fundi magodoro wa ule ufundi wa zamani: kuichapa pamba kwa fimbo mpaka itoe vumbi la mababu, kuijaza kwenye kitambaa cha mistari, kisha kuishona kwa sindano ndefu ambayo watoto wa mtaani kwake waliiogopa kuliko ya hospitali. Pamba ilimkaa nyusini, masikioni, mpaka kwenye chai. Alikuwa mgane. Mke wake alitangulia mbele ya haki, kitanda kikabaki kikubwa, na si jambo zuri fundi magodoro kulalia upande mmoja mpaka ukabonyea na upande wa pili ukabaki mpya kama wa dukani.

Sasa alikuwa amempata mtu. Mjane wa mjini, muuza vifungo na zipu, mwenyewe akiitwa Mama Zipu. Walikutana kwenye harusi ya ndugu. Wote wawili walikimbia kelele za muziki wakajikuta nyuma ya jiko, kila mtu na sahani yake, wakacheka mpaka wapishi wakawauliza wameletwa na nani. Tangu hapo wakawa watu wa simu. Simu asubuhi, simu jioni, hadi siku moja Bwana Pamba akajikaza akauliza neno lake. Mama Zipu akasema:

"Fundi, maneno ya simu ni uji wa jana. Yanashibisha, lakini hayana moto. Jibu ninalo, njoo ulipokee uso kwa uso. Utafikia wapi?"

"Shemeji yangu kinyozi ananitafutia hoteli. Inaitwa Kona Mbili."

"Aa, Kona Mbili naijua sana! Chai yao tamu. Basi Jumamosi alasiri nitakukuta hotelini. Lakini nisikilize vizuri, Bwana Pamba. Wamepita wengine kabla yako, wakaahidi kuja, na mpaka leo wako njiani. Nitakaa pale mpaka chai yangu ipoe. Nikiwa sijakuona, nanyanyuka naenda zangu, na hilo ndilo jibu. Mimi si sinema, nirudiwe."

"Nitakuwepo," alisema Bwana Pamba.

Jumamosi asubuhi akateremka mjini na kibegi chake, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kinyozi. Kinyozi huyu alikuwa kaka wa marehemu mke wake, na ndiye aliyemsukuma aoe. "Dada yangu angekuwa hai," alipenda kusema, "angekuoza mwenyewe, ulivyokonda." Kwake hakukuwa na pa kumlaza, na hata pangekuwepo, mtu haendi kuposa mke wa pili akitokea nyumbani kwa kaka wa mke wa kwanza. Haya ina mpaka.

"Kaa hapo nikutoe hizo pamba kichwani," kinyozi akasema, akamfunga shuka shingoni. "Na wakati nanyoa, wewe nisikilize, wala usinijibu. Mjini kati hapa mimi nimewanyoa mababa, nikawanyoa watoto, sasa nanyoa wajukuu. Hoteli za hapa nazijua kama kiganja. Kwanza simu yako lete."

"Simu?"

"Mjini kati simu haina mwenyewe, ina zamu. Nitakuwekea." Akaitumbukiza kwenye droo, chini ya mataulo. "Ukiingia hotelini usishangae. Mtu akishangaa wanajua. Tembea kama uliyekuja kuinunua. Halafu, na hili ndilo kubwa, chochote utakachokikuta kimeandikwa, ukutani, mlangoni, popote, kitii. Hoteli za mjini hazisemi, zinaandika. Wala usiulize-ulize. Kuuliza ni ushamba."

"Sawa. Na Mama Zipu akija, tukae zile meza za chai, au ndani?"

Kinyozi akazima mashine. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliinua vichwa.

"Meza za chai? Shemeji, unaniabisha mbele ya watu. Huko kwenu hoteli ni chai na mkate. Huku mjini hoteli ni pa kulala. Pa kula panaitwa mgahawa. Akikwambia atakukuta hotelini, anakusudia juu, chumbani. Kaa huko huko, usitoke. Ukitoka mtapishana."

"Chumbani? Mwanamke wa watu, siku ya kwanza?"

"Mjini huku, shemeji."

"Lakini alisema chai yao tamu. Sasa kama ni pa kulala, chai yao kaijulia wapi?"

Kinyozi akafikiri, wembe hewani.

"Hilo," akasema mwishowe, "usimuulize."

Bwana Pamba alitoka pale kichwa kinang'aa kama yai na moyo umeshonwa upande.

Kona Mbili ilikuwa ghorofa nyembamba iliyobanwa kati ya duka la rangi na duka la viatu. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, HOTELI KONA MBILI. Chini, kandoni mwa barabara, meza zilipangwa chini ya turubai, watu wanakunywa chai na kubishana. "Huu ndio mgahawa," alijiambia Bwana Pamba, akajisikia mwenyeji kidogo. Akapita pembeni bila kushangaa, akaingia mlango wa ngazi.

Mapokezi alikaa binti mwenye kucha ndefu, ambaye kalamu aliishika kama anayemshika mende.

"Karibu mgeni. Chumba chako juu kabisa. Ufunguo huu hapa."

Ufunguo ulifungiwa kipande cha ubao kikubwa kama mwiko. Bwana Pamba akaubeba, akapanda ngazi nne tano, akasimama. Ukutani palibandikwa tangazo lenye fremu: WAGENI HAWARUHUSIWI VYUMBANI.

Akalisoma. Akalisoma tena polepole, pengine neno limemponyoka. Halikumponyoka. Aliambiwa asiulize, lakini aliambiwa pia atii, na hapa mtu hawezi kutii bila kwanza kujua yeye ni nani. Akashuka.

"Binti, samahani. Eti mimi hapa ni nani?"

"Wewe? Si mgeni wetu!"

"Si mgeni, au ni mgeni?"

"Mgeni, baba. Mgeni kabisa."

"Basi nikae wapi?"

"Chumbani."

"Na pale ukutani je?"

Binti akainua shingo. "Aa, ile! Ile ni ya wageni."

"Ndiyo. Mimi."

"Siyo nyinyi wageni. Wageni wageni. Wale wageni wenu."

"Wageni wa wageni."

"Enhe! Umeelewa."

"Nimeelewa. Sasa huyo mgeni wangu akija alasiri…"

"Haruhusiwi."

"Na ndiye niliyemjia."

Binti alimtazama, kutoka kichwa kinachong'aa mpaka viatu, akarudi kichwani. "Baba, na umri huo!"

Bwana Pamba alitamani ngazi zimmeze. Akajieleza kwamba ni mambo ya heshima, kwamba ni posa, kwamba kuna jibu linaletwa. Binti akalainika. "Basi akija hapa mapokezi, nitakuita. Wewe pumzika tu."

Hapo moyo ukatulia. Mpango ulikuwa mzuri, kasoro yake moja tu: Mama Zipu hakuwa na sababu yoyote duniani ya kwenda mapokezi.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, dirisha la kutazama barabara, na mlango mdogo wa choo. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kulibonyeza godoro. Sponji. Akaguna kama daktari aliyeona ulimi mchafu. Kisha akaenda chooni, maana safari ilikuwa ndefu, na juu ya tangi la maji akakuta maandishi: USITUPE KITU CHOCHOTE CHOONI.

Akasimama pale, mkono kwenye mkanda.

Kitu chochote. Wangesema karatasi, angeelewa. Wangesema mifupa, angeelewa. Lakini wamesema chochote, na alichokuwa nacho yeye, hata ukigeuze namna gani, ni kitu. Sasa choo cha nini? Labda cha kutazama. Labda mjini kuna cha kutazama na kuna cha kutumia. Angeuliza, lakini kuuliza ni ushamba, na swali lenyewe la kumuuliza binti mwenye kucha zile liko wapi? Akakaza mkanda tundu moja zaidi, akatoka.

Ndipo akauona mlango wenyewe, kwa ndani. Kwenye kishikio palining'inia kipande cha plastiki. TAFADHALI SAFISHA CHUMBA.

"Haa," akasema kwa sauti.

Alitazama huku na huku. Chumba hakikuwa kichafu cha kutisha. Lakini walisema tafadhali, na mtu akikuomba kwa adabu hivyo unakataaje? Pengine ndiyo taratibu ya mjini: unalipa, na unasafisha. Akafungua kibegi, akatoa shati lake la kazi, akakunja suruali magotini. Chooni palikuwa na ndoo na tambara. Akasogeza kitanda. Chini yake alikuta vumbi lililokwisha kuwa blanketi, soksi moja, na kitana kilichobakiwa na meno kama ya mzee. Akaliinua godoro akalisimamisha ukutani, akalichapa kofi kama anavyochapa pamba. Godoro la sponji likamrudishia. Akalichapa tena, likamrudishia tena, kwa hasira zaidi. "Mjini hata magodoro yana jeuri," akasema, akaliacha.

Akapiga deki. Bwana Pamba hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Akaingia pembeni, akaingia nyuma ya mlango, akasugua mpaka rangi ya sakafu, ambayo alidhani ni kahawia, ikawa kijani.

Jua lilikuwa limeshageuka dirishani. Alasiri imeingia, na binti hajaita. Chai ya mtu, ikimiminwa, inachukua muda gani kupoa? Na kama amekuja, binti akamfukuza? Na kama hakuja? Akajifuta mikono ashuke akaulize. Akashika kishikio, kile kipande cha plastiki kikageuka, na kumbe nyuma nako kumeandikwa: TAFADHALI USISUMBUE.

Mkono ukarudi wenyewe.

Alijiona kama mtoto aliyeonywa kabla ya kukosa. Walijuaje kwamba anataka kwenda kusumbua? Hoteli hii ilimjua kuliko mama yake. Akakaa kwenye kiti katikati ya sakafu iliyolowa, magoti yamebana kwa lile jambo lingine, akasikiliza ngazi. Hakuna mguu. Akamkumbuka Mama Zipu alivyosema, mimi si sinema. Pengine sasa hivi yuko njiani kurudi kwake, na jibu amelifunga kwenye mkoba. Na yeye yuko hapa, mtiifu, msafi, anampoteza.

Alau amalize alichokianza. Ndoo ilikuwa imejaa maji meusi. Ayamwage wapi? Chooni, kitu chochote marufuku. Kwenye korido, atasumbua. Akaenda dirishani. Akakagua fremu, akakagua kioo, akakagua ukuta juu na chini. Hapakuandikwa neno. Na pasipo na katazo, alijiambia, pana ruhusa.

Akamwaga.

Maji yakaangukia turubai, turubai likainama, likayakusanya yote kama kiganja, kisha likayateremsha kwa pamoja upande wa barabara. Kisha ikapanda sauti.

"Nani huyo? Nasema nani huyo huko juu, asiye na mama wala shangazi wa kumfunza!"

Bwana Pamba ndoo ikamponyoka. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia asubuhi na jioni, sikioni, miezi yote hii, ila hakuwahi kuisikia imelowa.

Ukweli ni kwamba Mama Zipu alikuwa amekaa chini pale kitambo, uso kwenye barabara, chai mbele yake. Alipiga simu ya fundi ikaita mpaka ikachoka. Chai ikapoa. Akasema moyoni, mwingine tena, akanyanyuka, akaweka mkoba begani. Alikuwa ameshapiga hatua ya kuondoka, nje kidogo ya turubai, pale pale maji yalipotaka kuangukia.

Ngazi zikaanza kulia. Binti wa mapokezi akasikika, "Mama! Mama! Wageni hawaruhusiwi!"

"Mgeni nani? Mimi nimezaliwa mtaa huu kabla hii ghorofa haijatungwa mimba! Toka!"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Zipu akasimama kizingitini, kitambaa cha kichwa kinachuruzika, kidole tayari hewani. Na mbele yake, suruali magotini, tambara mkononi, godoro limesimama nyuma yake kama shahidi, alisimama Bwana Pamba.

Kidole kikabaki hewani.

"Wewe!"

"Ni mimi."

"Mimi nimekaa chini pale mpaka nimeota mizizi, nakungoja hotelini!"

"Na mimi nakungoja hotelini!"

"Hotelini wapi?"

"Hapa!"

"Hapa si hotelini, hapa ni juu!"

Wakatazamana. Lilikuwa tatizo kubwa, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

"Shemeji aliniambia," Bwana Pamba akasema kwa unyonge, "mjini hoteli ni pa kulala. Pale chini eti ni mgahawa."

"Mgahawa! Mimi nimezeeka mjini hapa, sijamsikia mtu akisema twende tukanywe chai mgahawani, labda awe anasoma taarifa ya habari. Na simu yako?"

"Iko kwenye droo ya shemeji. Ina zamu."

"Ina nini? Haya, achana nayo. Na hilo tambara?"

"Wameniambia nisafishe." Akamwonyesha kile kipande cha plastiki.

Mama Zipu akakisoma upande mmoja, akakisoma upande wa pili. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro, na mabega yakaanza kutikisika. Bwana Pamba alidhani analia, akajiona amekwisha. Kumbe kicheko, kile kile cha nyuma ya jiko.

"Hiki unakining'iniza nje, Bwana Pamba. Nje! Waje wao wakusafishie!"

"Na cha kusumbua?"

"Nje vilevile."

"Nilidhani naambiwa mimi." Akasita. "Na pale chooni, walipoandika kitu chochote?"

Mama Zipu akaacha kucheka. "Usiniambie. Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Nenda, baba. Nenda haraka!"

Akaenda. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, hata kimo kilirefuka.

Alimkuta Mama Zipu ameinama, anachungulia pembe za chumba, zile ambazo hakuna anayezichungulia ila mtu wa ndani ya nyumba. Akapitisha kidole nyuma ya mlango, akakitazama. Hakikushika kitu.

"Marehemu wangu alikuwa mtu mwema sana," akasema. "Ila alikufa akiamini ufagio ni kiumbe wa kike." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Umenimwagia maji ya deki, fundi. Kama yangekuwa maji ya mvivu ningekwenda zangu. Haya, jibu langu unalitaka hapa au hotelini?"

Bwana Pamba alifikiri sana, maana siku ile maneno yalikuwa yamemchezea vya kutosha.

"Hotelini," akasema. "Kule chini."

"Sasa unakuwa mtu wa mjini."

Walipotoka, Mama Zipu akakichukua kile kipande, akakining'iniza kishikioni kwa nje.

"Cha nini, na sisi hatumo?"

"Ulipokuwa chooni," akasema, "nilipiga simu yako mara moja ya mwisho. Shemeji yako kaipokea, nikamwambia nilikungoja chini nisikuone. Anakuja mbio, anadhani umepotea. Mwache asome naye."

Wakakaa meza ya ndani kidogo, mbali na ukingo wa turubai. Chai ikaletwa, ya moto. Mama Zipu akazungusha kijiko muda mrefu, halafu akasema bila kumtazama:

"Mimi kwenye sponji silali."

"Nitalifumua langu," Bwana Pamba akajibu haraka, "nichambue pamba yote, nilishone upya."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili."

"Basi," akasema Mama Zipu. Akanywa chai.

Kinyozi alifika anahema, shuka la kunyolea bado begani. Akapita kandoni mwa meza yao bila kutazama kushoto wala kulia, kama aliyekuja kuinunua hoteli, akapanda. Wakamsikia akibishana na binti. Kisha wakaiona miguu yake imeshuka nusu ngazi, imekaa. Imesimama tena. Imepanda. Imeshuka. Bwana Pamba akamhurumia, akamwita.

"Shemeji! Unatafuta nini?"

Kinyozi akatoka, macho yamemtoka. "Nyinyi mko huku? Mlango umeandikwa usisumbue, nikasema nisigonge, faini hiyo. Binti ananiambia wageni hawaruhusiwi, nimemwambia mimi mwenyeji, ananiuliza mwenyeji wa chumba gani. Sasa mbona mko mgahawani?"

"Mgahawani wapi?" akasema Mama Zipu. "Hapa hotelini. Kaa unywe chai. Hivi wewe, shemeji, mjini hapa umelala hoteli ngapi?"

"Mimi?" Kinyozi akamtazama kama aliyeulizwa kama ana mkia. "Mimi nina kwangu hapa! Nilale hoteli, nina wazimu?"

Akaketi, akavuta kikombe, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, na taratibu uso wake ukaelewa walau hilo la posa. Akapiga meza kwa furaha, chai ikaruka.

"Basi imekuwa! Sasa harusi. Nisikilizeni, wala msinijibu. Kumbi za mjini kati hapa nazijua kama kiganja. Kwanza…"

"Shemeji," Bwana Pamba akamkata kwa upole. "Kule juu, mlangoni kwangu, kuna maandishi. Umeyasoma?"

"Nimeyasoma."

"Basi yatii."